Picha Aliyoishusha Mwalimu

Wageni wengi, siku ya kwanza, walidhani kiongozi wa safari ni mimi na yeye ni mpishi. Mimi nilikuwa dereva tu, ila nilikuwa na koti lenye mifuko mingi na kofia ya kijani, nao walifikiri hivyo ndivyo mtu wa porini anavyovaa. Yeye alikuja pale kituo cha mafuta mjini Nyeri akiwa amevaa gambuti na sweta la kijivu la shule aliyofundisha zamani, na kiondo mgongoni, ukanda wake ukiwa kwenye paji la uso kama mama anayetoka shambani. Ndani ya kiondo mlikuwa na kamera mbili na lenzi ndefu kama mkono wangu, zote zimeviringishwa kwa leso, na juu yake fungu la sukumawiki. Alisema hajawahi kusikia mwizi wa sukumawiki.

Tulimwita Mwalimu. Hata watu ambao hakuwahi kuwafundisha walimwita hivyo. Alikuwa amefundisha jiografia katika shule ya wasichana hadi akastaafu, kisha, badala ya kufuga kuku kama wenzake, akaanza kuwapeleka watu kupiga picha za wanyama na mandhari: kwenye misitu ya Nyandarua na ya Mlima Kenya, kule juu ambako miti inaisha, kwenye tambarare za Laikipia ukishapita Nanyuki, na kwenye mashamba ya mpunga kule chini Mwea wakati wa ndege. Nilikuwa dereva wake kwa miaka tisa. Nimeendesha watu wengi kabla yake na baada yake, lakini nikiulizwa nimefanya kazi na nani, huanza na yeye.

Nusu saa ya kwanza hakuna aliyeruhusiwa kushika kamera. Tulifika mahali kukipambazuka, nikazima injini, naye akawaambia wageni washuke, wasimame, watazame. Kulikuwa na daktari wa meno kutoka Nyeri mjini, mtu mpole lakini mwenye haraka, ambaye safari yake ya kwanza alilalamika kwamba jua linapanda na mwanga mzuri unampita. Mwalimu akamuuliza, "Daktari, umekuja kuona, ama umekuja ili watu wajue uliona?" Daktari akageuka kutazama miti. Tulipokuwa tukirudi aliniambia kwamba katika ile nusu saa alihesabu mbega kumi na mmoja juu ya mti mmoja, na kama angekuwa na kamera usoni angemwona mmoja tu. Baada ya hapo hakukosa safari.

Msituni Mwalimu alidai kimya kama cha chumba cha mtihani. Ukikohoa alikutazama. Lakini ndani ya gari, kutoka Nyeri mpaka Nanyuki, hakufunga mdomo. Alisimulia mahubiri ya Jumapili, bei ya viazi, na habari za wanafunzi wake wa zamani, ambao aliwakumbuka kwa alama zao. Gari likitupita kwa kasi alimtambua dereva na kusema, "Huyo msichana nilimfundisha. Ramani zilimshinda kabisa. Ona sasa anavyochukua hiyo kona."

Alikuwa mzee wa kanisa, na alilichukulia jambo hilo kwa uzito. Hata hivyo, alikaa siku zote kwenye benchi lililo karibu na dirisha la upande wa mlima, na mawingu yakifunguka kileleni wakati wa mahubiri aliinuka polepole akatoka nje. Pasta alimuuliza siku moja kama kuna jambo linalomkera katika mafundisho yake. Mwalimu akajibu kwamba hapana, mafundisho ni mazuri, alikuwa ametoka tu kwenda kutazama kile ambacho pasta alikuwa akikisifu.

Aliwasalimia wanyama. Ndovu akitokea barabarani, Mwalimu alishusha kioo kidogo na kumwambia kwa Gikuyu kwamba tunaomba radhi, hatukai. Nyati hakuwaamini, lakini nao aliwasalimia. Kwa upande mwingine, kamera ikielekezwa kwake alikasirika kama mtoto. Katika miaka yote hiyo nina picha yake moja tu, na ndani yake amenipa mgongo.

Kusifu hakukuwa kazi yake. Ukimwonyesha picha nzuri aliitazama, akaikuza kwa kidole, akaitazama tena, kisha akasema, "Imetosha." Niliwahi kumwona mwanamume mzima, mwenye hoteli kubwa Nanyuki, akitabasamu kutwa nzima kwa sababu picha yake ya pundamilia ilikuwa imetosha. Huyo mwenye hoteli ndiye aliyetuletea wageni zaidi ya nusu. Alimpenda Mwalimu kwa dhati, na kwa miaka mingi hakuna aliyewahi kufikiri wangekosana.

Mwaka wa nne wa kazi yetu tulimwona bongo. Bongo ni swara mkubwa wa msituni, mwekundu kama udongo wa kwetu, mwenye mistari myeupe mbavuni kana kwamba mtu amempitishia brashi ya chokaa. Wamebaki wachache mno. Kuna askari wa wanyamapori waliozeeka kazini wakaona nyayo tu. Siku hiyo hatukuwa na wageni. Tulikuwa tunatafuta njia mpya ya miguu, mimi na yeye peke yetu, na tulipotokea kwenye mianzi tukamwona mama na ndama wake wakilamba udongo wa chumvi ukingoni mwa kijito, chini ya maporomoko madogo. Mwalimu alinishika mkono. Hata siku hiyo hakuigusa kamera upesi. Alisimama akatazama mpaka nikaanza kuogopa kwamba wataondoka, kisha akainua kamera akapiga mara chache, polepole. Tulipofika kwenye gari alikuwa analia, na kwa mara ya kwanza tulirudi Nyeri bila yeye kusema neno.

Moja ya picha zile ilikuwa bora kuliko zote alizowahi kupiga. Mwenye hoteli aliiomba, akaikuza, akaitundika mahali wageni wanapopokelewa. Mwalimu hakuandika chini yake ni wapi. Aliandika tu: mama na mtoto.

Kabla mwezi haujaisha, askari walimkuta yule mama amekufa karibu na maporomoko yale yale. Kulikuwa na nyayo za mbwa na mitego ya waya. Ndama hakuonekana tena.

Mwalimu alipopata habari hizo aliniambia nimpeleke Nanyuki. Tulifika saa ya chakula cha mchana, hoteli imejaa. Alipita katikati ya meza na gambuti zake, akavuta kiti, akapanda juu yake, akaishusha ile picha ukutani. Mwenye hoteli alikuja mbio akimuuliza kuna nini. Mwalimu alimwambia kwamba maporomoko yale yanaonekana nyuma ya mnyama, na mtu yeyote aliyekulia karibu na msitu angeyajua. Alisema picha yake ndiyo iliyowaonyesha njia. Mwenye hoteli alijaribu kumtuliza, akasema hayo ni mawazo tu, lakini yeye alitoka nayo kwapani, na mimi nikamfungulia mlango wa gari.

Sasa niseme langu. Siku mbili baada ya kumwona yule bongo nilipeleka gari kwenye gereji moja Nyeri, springi zilikuwa zimelegea. Tulikuwa wanaume sita au saba tunakunywa chai tukimsubiri fundi, na nilikuwa na jambo kifuani lililokuwa kubwa kuniliko. Nikawaambia. Wengine walicheka, wakasema hakuna bongo aliyebaki. Mtu mmoja mwenye kofia ya sufu ya buluu hakucheka. Aliniuliza kwa upole ni upande gani, nami nikafurahi kwamba kuna anayeniamini. Nikamweleza mahali pa kuacha gari, nikamweleza mianzi, nikamtajia na alama moja ambayo hapa sitaitaja. Washukiwa waliposhikwa, nilikwenda kusimama nje ya korti na watu wengine. Walikuwa watatu, na wa katikati alikuwa yule mwenye kofia ya buluu. Aliniona. Alinisalimia kwa kichwa kama mtu anayemsalimia mwenzake.

Nilijiambia nitamweleza Mwalimu Jumatatu. Zikapita Jumatatu nyingi.

Tangu siku hiyo alibadilika, na mabadiliko yenyewe niliyaona kila siku kwa sababu nilikuwa nimekaa kando yake. Hakutoa tena picha ya mnyama adimu kwa mtu yeyote. Watu wa kalenda walimfuata mara mbili akawakataa. Chuo kimoja kilitaka kutundika picha zake ukumbini, akasema hana. Kabla wageni hawajashuka garini alipitia kamera na simu za kila mmoja, akazima kile kitu kinachorekodi mahali picha ilipopigwa. Wageni walicheka, wakasema Mwalimu anakagua kucha. Mimi nilikuwa nikitazama usukani.

Halafu ikaja safari ya visiwani. Aliyeitaka ni mwenye hoteli. Alikuwa anajenga nyumba za wageni kule pwani, naye alitaka picha za ndege wa baharini za kupamba kuta. Daktari wa meno akajiunga, na pia mama mmoja mfanyabiashara wa mchele kutoka Kagio, ambaye alijifunza kupiga picha kwa kuwavizia korongo kwenye mashamba ya mpunga na ambaye alikuwa na jicho kali kuliko wote. Mwalimu hakujua kuogelea, na aliyaogopa maji kuliko nyati. Nilidhani atakataa. Akaniambia, "Baba Njeri, nimefundisha habari ya maji kupwa na kujaa miaka thelathini, na sijawahi kuyaona. Si ni aibu?"

Tulipofika visiwa vya kusini, karibu na mpaka, wenzetu walikimbilia kuoga. Mwalimu alivaa gambuti zake, akaenda ufuoni na kijiti, akachomeka kijiti pale maji yalipoishia, akakaa kwenye mchanga na saa yake mkononi. Nilikaa naye. Maji yalirudi nyuma polepole mpaka yakaacha uwanja mkubwa wenye kaa, konokono na mashua zilizolala ubavu. Alitazama saa, akatazama kijiti. "Kumbe ni kweli," akasema, na uso wake ulikuwa wa msichana wa kidato cha kwanza.

Siku ya tatu tulikwenda kwa boti ya injini mpaka kwenye kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe, hakina mti wala nyumba. Mamia ya buabua, ndege weupe wembamba wenye mikia ya ncha mbili, walikuwa wametaga mayai yao chini, juu ya mawe matupu. Mwalimu alikuwa ameshika benchi kwa mikono miwili tangu asubuhi. Alimwambia nahodha tukae mbali, lenzi zinatosha kufika. Tulikaa mbali. Picha zilikuwa nzuri, lakini mwenye hoteli hakuridhika. Mwalimu alipogeuka upande wa pili kumsaidia daktari, yeye alimwinamia nahodha akasema naye kwa sauti ya chini. Boti ikasogea, na kabla hatujajua mwenye hoteli alikuwa ameruka, maji yakamfika magotini, akapanda juu ya mawe.

Ndege wote waliinuka kwa pamoja. Kelele zao siwezi kuzieleza. Jua lilikuwa kali na mayai yalikuwa wazi, kila mahali, mtu hana pa kuweka mguu. Mama wa Kagio alikuwa ameinua kamera kama sisi sote. Akaishusha.

"Mwalimu," akasema, "ona kunguru."

Walikuwa wamekuja kutoka upande wa bara, watano, kisha kumi, wakatua katikati ya mayai.

Mwalimu alisimama kwenye boti inayoyumba. Akamwambia mwenye hoteli arudi, na hakupaza sauti. Yule akajibu bila kugeuka kwamba ni dakika moja tu. Basi Mwalimu akavuka ukingo wa boti. Boti ilikuwa imerudi nyuma kidogo, na maji yalimfika kiunoni, gambuti zikajaa. Alitembea mpaka kwenye mawe, akamshika mwenye hoteli kiwiko, akamrudisha kama anavyorudishwa mwanafunzi darasani. Nahodha aliondoa boti haraka. Ndege wakaanza kushuka, lakini kunguru walikuwa wamekwisha kula.

Mwenye hoteli alikuwa mwekundu wa macho. Alisema amedhalilishwa mbele ya watu, na ndege watataga tena, ndiyo kazi yao. Mwalimu alikuwa amelowa, mama wa Kagio amemvika leso. Alisubiri yule amalize.

"Mimi niliua mnyama kwa picha," akasema. "Mama na mtoto wake. Nilitaka watu waone jinsi nilivyo hodari. Sitaki wewe ubebe kitu kama hicho, maana hakina mahali pa kukitua." Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa nimekaa nyuma karibu na mtungi wa mafuta. "Baba Njeri alikuwepo. Anajua."

Wote wakanitazama. Nikaitikia kwa kichwa.

Nimewahi kugonga mtu wa baiskeli kwa bahati mbaya, nimewahi kumdanganya mke wangu, na yote hayo niliyatubu nikalala. Kule kuitikia kwa kichwa kwenye boti hakukuniacha.

Mwenye hoteli hakutuletea tena mgeni hata mmoja. Hakumsema Mwalimu vibaya, nadhani aliona aibu, lakini alinyamaza, na wageni wakapata viongozi wengine. Daktari na mama wa Kagio waliendelea kuja, wakaleta rafiki zao, lakini hao hawakutosha kugharimia gari mwaka mzima. Halafu goti la Mwalimu likaanza kuvimba. Siku moja aliniita, akanishukuru kwa maneno machache, akaniambia tumefunga. Alihamia Kerugoya kwa dada yake mjane. Mimi nikapata kazi ya kuendesha lori la mboga.

Mwaka huu, mvua zilipoanza, nilipeleka mzigo Kerugoya nikamaliza mapema. Nilimkuta barazani, mguu juu ya kigoda, anamenya minji, njegere mbichi, ndani ya sufuria. Alifurahi kuniona. Alinipa kiti, dada yake akaleta chai, akaniuliza habari za Njeri, ambaye sasa yuko chuoni. Nilikunywa chai yote. Kisha nikaweka kikombe chini.

"Mwalimu," nikasema, "ile bongo haikuuawa na picha. Ni mimi niliambia watu. Pale gereji."

Aliendelea kumenya. Nikadhani hakusikia. Halafu akaanza kuniuliza maswali, moja baada ya jingine: siku gani, nani alikuwepo, niliwaambia maneno gani hasa, nilijuaje ni mtu yule yule. Nilijibu kila swali. Nilimweleza korti, kofia ya buluu, salamu ya kichwa.

"Na ile siku ya boti," akasema, "nilipokutazama?"

"Nilikuwa najua."

Vidole vyake vikasimama. Alitazama uani. Kuku wa dada yake walikuwa wanachakura kwenye matope.

"Niliichoma ile picha," akasema. "Na zingine zote za siku ile, nikazifuta. Niliona sistahili kuwa nazo. Wewe ulikuwa unakuja kunichukua kila asubuhi, unaniuliza nimelalaje."

Nikamwomba anisamehe. Alichukua sufuria ya minji, akaiweka mapajani vizuri.

"Enda nyumbani, dereva," akasema.

Zilipita wiki mbili. Nilimweleza mke wangu yote, na yeye akasema nilichelewa lakini nilifika, na kwamba Mwalimu halazimiki kunifariji. Nikakubali. Halafu simu ikalia nikiwa sokoni Karatina napakia kabeji.

"Baba Njeri," akasema. "Bado uko na njia ya kupata gari ndogo?"

Niliazima la shemeji yangu. Nilimchukua Jumamosi asubuhi, akiwa na fimbo na kiondo chake, na njiani hakuzungumza habari za viazi wala za wanafunzi. Alinielekeza kwa mkono tu, ingawa njia niliijua. Tuliliacha gari mahali pale pa siku ya bongo, tukapanda kwa miguu, hatua chache tukipumzika, hatua chache tukipumzika. Mwendo uliokuwa wa dakika arobaini ulituchukua karibu saa tatu. Kila nilipotaka kumsaidia alinionyesha fimbo.

Ukingo wa kijito ulikuwa umefunikwa na majani. Hapakuwa na nyayo, hapakuwa na chochote, ila maji yakiporomoka na ndege mmoja asiyeonekana. Mwalimu alikaa juu ya jiwe. Alipopata pumzi alifungua kiondo, akatoa kamera, akanipa. Katika miaka tisa sikuwahi kupiga picha kwa kamera yake.

"Piga," akasema.

"Nipige nini, Mwalimu? Hapa hakuna kitu."

"Hujatazama."

Nikatazama. Nikaona mahali ambapo yule mama alikuwa ameinamisha kichwa, na mahali ndama alipokuwa amejificha nyuma ya miguu yake, na mahali sisi wawili tulipokuwa tumesimama. Macho yakanijaa maji, ikanibidi nisubiri yakauke. Kisha nikapiga, mara moja. Nilimrudishia kamera, akaitazama picha kwa muda, akaiinamisha apate kivuli, akaitazama tena.

"Nitakutengenezea uwe nayo nyumbani," akasema. "Watu watakuuliza ni wapi."

"Sitawaambia."

"Hata Njeri."

"Hata Njeri."

Akaizima kamera, akaiviringisha kwenye leso, akaiingiza kiondoni. Mawingu yalikuwa yanashuka na jiwe lilikuwa baridi. Njia ya kurudi ilikuwa inateremka na udongo ulikuwa umelowa. Alisimama, akaitazama njia, akanipa fimbo niibebe. Halafu akanyoosha mkono nimshike, na hakuniachilia mpaka tulipofika kwenye gari.